Inua Ndipo Ufunge

Kisugu, Kampala
14 Januari 2024

Mjomba Tarcisio,

Jambo afande! Nimeanza hivyo ili ucheke, maana mara ya mwisho tulipoongea kwa simu hukucheka hata kidogo. Mimi sijambo. Kikohozi cha Krismasi kimekwisha. Dukani Nakivubo tumefungua tangu tarehe tatu, na grisi ya spea imesharudi kwenye kucha zangu. Mwambie Mama Lamunu simsim yake ya kusaga imeisha, na asidhani nimekula peke yangu. Khaemba fundi alipaka nusu yake kwenye mkate bila haya.

Huyo mkeo ndiye aliyesema tuandikiane. Anasema mimi na wewe tukishika simu tunapigiana kelele mpaka majirani wanapunguza redio wasikilize. Barua haikatizi mtu. Nitaipeleka kwenye dirisha la vifurushi, iende na basi la asubuhi. Mimi basi siingii, unajua, lakini karatasi haina woga.

Sasa jambo lenyewe, lile ulilolipigia kelele kwenye simu. Tarehe 27 Aprili kuna siku ya wazi kwenye uwanja wa mbio nje ya mji. Kila mtu analeta gari lake la kawaida, lile lile analoendea kazini. Mnaingia kwa zamu, mnazunguka, saa inapima. Nimejiandikisha na Corolla. Usiitupe barua kwanza, soma! Kuna zimamoto, kuna daktari, helmeti ni lazima, na hakuna kugombana bega kwa bega.

Injini yetu unaijua, ni mpole. Khaemba anasema kama huwezi kuongeza nguvu, punguza uzito. Basi tumeanza. Kiti cha nyuma, kilo kumi na sita. Kapeti, tisa. Tairi la akiba na jeki, kumi na saba. AC iliyokufa tangu enzi zako, kumi na nne. Chini ya kapeti kulikuwa na lami ya kuzuia kelele, tukaibandua kwa patasi Jumapili nzima, kilo nane na malengelenge mawili. Sijatupa hata bolti moja. Kila kitu kimefungwa na kuandikwa jina, kiko chumbani kwangu, nalala kama mlinzi wa stoo.

Halafu tukapima gari zima. Zuleika, anayeuza marobota ya mitumba Owino, alitukopesha mizani zake nne, tukaweka moja chini ya kila tairi. Mjomba, gari letu limeinama. Tumetoa, tumejumlisha, tumelinganisha na kitabu chake, na kila mara kilo ishirini na saba zinabaki hazina mwenyewe. Ziko nyuma, upande wa kushoto. Khaemba alizunguka gari mara mbili akaniambia, "Amito, hii gari yako imebeba mtu. Uliza mjomba wako ni nani." Alikuwa anatania, lakini sikuipenda ile kauli.

Kwa hiyo nauliza. Ule mlango wa nyuma kushoto, ambao tangu utoto naambiwa "inua ndipo ufunge", una nini? Tunataka kuufungua ndani tuone. Kadi ya gari bado ina jina lako, naomba ruhusa. Ningependa pia uje siku hiyo uone mwenyewe, ingawa najua Kampala huji.

Mpwa wako,
Amito


Gulu
2 Februari 2024

Mpwa wangu Amito,

Salamu nimezipokea. Nimefurahi kikohozi kimekwisha, sasa acha kulala dirisha wazi. Hapa tuko wazima. Jua limekausha kila kitu, mbuzi wanakula hata kamba zinazowafunga. Dada yako Lamunu amepata zamu mpya hospitalini, anarudi nyumbani amechoka, anagombana na sufuria. Goti langu linaniambia mvua iko mbali bado.

Kuhusu gari, jibu ni hapana.

Nimeendesha magari ya polisi miaka ishirini na sita. Malori, pikapu, hata gari la kamanda. Sijapindua hata moja. Kisa ni kwamba sikuwahi kumsikiliza mtu anayesema gari likiwa jepesi ndiyo salama yako. Nilimsikiliza mmoja, mara moja tu, basi.

Wewe umetoa uzito wote nyuma. Mbele umetoa AC peke yake. Hujui unachokifanya. Ukifika kwenye kona ukakanyaga breki, mkia utataka kutangulia kichwa, na huyo Khaemba wako hatakuwa ndani, atakuwa nje anakula mkate. Rudisha kiti. Rudisha tairi la akiba. Mtu anayesafiri bila tairi la akiba hana adabu.

Hizo kilo ishirini na saba ni tangi la mafuta na betri. Usihangaike nazo. Milango usifungue kabisa, vioo vyake vikishatolewa havirudi sawa. Ule wa kushoto una kasoro ya bawaba tangu zamani. Umeuinua miaka yote na mkono haukukatika, endelea kuuinua.

Njoo Pasaka. Usipite sitini. Ukifika daraja la Karuma nipigie.

Mjomba wako,
Tarcisio Okidi, Sajini mstaafu


Kisugu
18 Februari 2024

Mjomba,

Natumaini goti limetulia. Hapa mvua imenyesha mara moja, Nakivubo ikawa tope, wateja wakaingia dukani kujikinga na kuondoka bila kununua hata balbu. Mwenye nyumba amepaka geti rangi ya waridi, tunajificha wageni wakija.

Barua yako ilinifikia tarehe nane. Mlango tulikuwa tumeshaufungua tarehe nne. Nilingoja wiki tatu, Mjomba. Ungejibu haraka ningekutii, au angalau ningeogopa vizuri zaidi.

Tangi la mafuta liko katikati, chini ya kiti. Betri iko mbele. Wewe ndiye uliyenionyesha nikiwa na miaka tisa, ukanifanya niseme kwa sauti kama katekisimu. Kwa hiyo nilipokusoma unaniandikia habari za tangi na betri, ndipo nikaanza kuogopa kweli. Sijawahi kukuona ukikosea kitu cha gari.

Tulipotoa paneli ya ndani tulikuta bamba la chuma. Unene wake ni kama kidole changu kidogo. Limekatwa kufuata umbo la mlango, limechomelewa sehemu nne, limepakwa ile rangi ya malori ya polisi. Lina mabonde mawili upande wa nje. Siyo kutu, nimeyashika. Kila bonde linapokea ncha ya kidole gumba. Na bati la nje la mlango lililo mbele ya mabonde hayo limezibwa kwa puti, likapigwa rangi juu, kazi safi, hata mimi ninayeuza spea sikuwahi kuiona.

Khaemba alikuwa ameshawasha mashine ya kukatia, akaizima. "Kwetu Bungoma ukipata kitu kimefichwa namna hii, unaita wazee kwanza," akasema. "Hii siyo ya kukata tu. Hii mtu aliweka akiwa na sababu."

Tukafungua mlango wa kulia tulinganishe. Ule ni mwepesi kama wa gari jingine lolote. Lakini ndani yake kuna alama nne za kuchomelea, zimekatwa, zikabaki vinundu. Ziko mahali pale pale ambapo wa kushoto umeshikwa. Kwa hiyo kulikuwa na bamba la pili.

Lilikwenda wapi? Na nani aliyelitoa? Sikuulizi kwa ubishi. Naendesha gari hili kila siku na sasa kila nikifunga mlango natazama pembeni kama mwizi.

Mpwa wako,
Amito


Gulu
9 Machi 2024

Amito,

Hapa wazima. Mbuzi mmoja amezaa mapacha, Lamunu amewapa majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua. Mama Lamunu anakusalimu, anauliza kama unakula.

Lile bamba ni mambo ya kazi. Wakati ule madereva wengi wa serikali waliweka vitu kama hivyo. Kuna mambo ya kazi ya polisi ambayo hayaandikwi, na wewe ni mtoto wa kambi, unajua.

Kata chochote kingine unachotaka. Kata hata paa. Lile la kushoto usiliguse. Nakuamuru kama afande, na kama hiyo haitoshi nakuomba kama mjomba wako.

Pasaka njoo. Nitachinja.

Tarcisio Okidi


Kisugu
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mjomba,

Mwambie Mama Lamunu nakula. Nimerudi kanisani na tawi langu, nimeliweka kwenye dashibodi ya Corolla. Khaemba amecheka, akasema nimeongeza gramu hamsini.

Umenijibu la kushoto, ukanyamaza la kulia. Nilisoma barua yako mbele na nyuma nikitafuta neno "kulia" na halimo.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo tunafanya dukani tukinunua gari bovu la kuchinja spea. Nilichukua sumaku nikaipitisha juu ya mlango wa kulia, nje, polepole. Sumaku inashika bati, haishiki puti. Ilianguka mara tatu, zote chini ya dirisha, kwenye mstari mmoja. Khaemba akakwangua rangi. Matundu matatu, Mjomba. Kushoto yalikuwa mawili na bamba nyuma yake lina mabonde mawili. Kulia yalikuwa matatu na nyuma yake hakuna kitu.

Nina miaka ishirini na mitano. Najua ile barabara ya Gulu ilivyokuwa mwaka 2003, waasi wakivizia magari. Mmenilea nikijua kwamba mama yangu Acayo aliuawa ndani ya basi akienda Kampala. Nimelijua hilo kabla ya kujua kusoma. Shuleni wenzangu walikwenda ziara Entebbe kwa basi, mimi nikabaki na mpishi. Nikisikia basi linahema kituoni nazunguka mtaa mwingine mpaka leo. Ndiyo maana ukanipa gari, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Nauliza mara moja tu. Mama alikuwa kwenye basi?

Pasaka siji. Siwezi kukaa kwenye meza yako nikila mbuzi na swali hili tumboni. Nikikosa jibu mpaka Pasaka ipite, Khaemba atakata bamba, nitalipima, nitaendesha, na tutaacha mambo hapo.

Amito


Kisugu
13 Aprili 2024

Mjomba,

Pasaka imepita. Lamunu ananiambia kwa simu uko mzima, unakaa kwa mbuzi kutwa nzima, hutaki kuongea.

Nilisema nitakata, nimeshindwa. Mara tatu nimepeleka gari kwa Khaemba na mara tatu nimemwambia subiri. Asubuhi nauinua ule mlango, naufunga, naenda kazini. Zimebaki wiki mbili. Niandikie hata kama ni kunitukana.

Amito


Gulu
19 Aprili 2024

Amito,

Habari za nyumbani zingoje. Nimeiandika barua hii mara nne. Tatu za mwanzo Mama Lamunu amewashia moto.

Mama yako hakuwa kwenye basi. Alikuwa kwenye gari hilo, na dereva nilikuwa mimi.

Mwaka ule dada yangu alipata kazi ya kupika katika kambi moja ya polisi Kampala. Baba yako alikuwa ameshafariki, mlibaki nyinyi wawili. Sikutaka mpande basi kwa sababu mabasi ndiyo yaliyokuwa yanaviziwa. Nikatafuta mabamba mawili kwenye lori bovu la polisi, fundi Obwona akayachomelea, moja mlango wa nyuma kushoto, moja kulia. Milango ikawa mizito, bawaba zikalegea. Mama yako aliona kichekesho. Kila aliyepanda alimwambia, "Inua ndipo ufunge!" Hayo maneno ni yake. Sisi wengine tulimwiga.

Tatizo gari lilikuwa linahema mlimani. Dereva mwenzangu akaniambia dawa ya ile barabara ni mwendo, anayepita kasi hapigwi. Nikaona anasema kweli. Nikaamua kupunguza uzito, niyatoe yote mawili. Siku moja kabla ya safari nikapeleka gari kwa Obwona. Waya wa mashine yake ulikuwa mfupi, nilivyoegesha ulifika upande wa kulia, akaanza huko. Akalitoa. Tukageuza gari ashike la kushoto, na umeme ukakatika. Tulingoja mpaka saa kumi na mbili jioni, haukurudi. Nikasema basi, hilo jingine nitalitoa nikirudi kutoka Kampala.

Asubuhi ulikuwa bado na usingizi. Mama yako akakulaza kushoto, yeye akakaa kulia, nyuma yangu, anisemeshe njiani. Akavuta mlango wake kwa nguvu kama alivyozoea, ukajifunga wenyewe. Akasema, "Kaka, leo mlango umekuwa mwepesi!" Nikajisifu. Nikamwambia leo utaona tutakavyoruka.

Waasi walikuwa pande zote mbili za barabara, kabla hatujafika Karuma. Nilikanyaga mafuta, na gari liliruka kweli. Sikusimama mpaka kwa wanajeshi wa darajani. Hapo ndipo nikageuka. Wewe ulikuwa unalia. Upande wako walipiga mara mbili, chuma kikashika. Upande wake walipiga mara tatu. Alikuwa bado ameweka mkono juu yako.

Umeme ungekaa nusu saa zaidi, leo nisingekuwa na mtu wa kumwandikia. Nimelifikiria hilo kila siku kwa miaka ishirini na mmoja. Nililitoa mwenyewe, Amito. Halikuanguka, halikuibiwa. Nilimlipa mtu alitoe.

Baada ya mazishi ulishikwa na homa kali, ukakataa kuingia garini. Ulishika nguo ya Mama Lamunu ukapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakukuwa na gari jingine la kukufikisha hospitali. Nikakuambia, hapana, mama alikuwa kwenye basi, hili gari halina kosa. Ukanyamaza. Ukaingia. Ulipopona nikaona uongo umefanya kazi, nikauacha ukae. Sikujua kwamba utakua nao.

Uliponiambia kwa simu unapunguza uzito, nilisikia Obwona anawasha mashine. Ndiyo maana nilipiga kelele. Kona siziogopi, wewe unaendesha vizuri, mimi nilikufundisha.

Mimi tangu siku ile sijavuka Karuma. Gari ni lako, jina kwenye kadi nitalibadilisha. Fanya unavyoona.

Tarcisio


Kisugu
12 Mei 2024

Mjomba wangu,

Nimechelewa makusudi, usije ukasingizia posta ya basi. Sijambo. Mvua za sasa ni kubwa, Zuleika amehamisha marobota yake mara mbili. Khaemba anakusalimu, anasema angependa kukutana na Obwona amuulize alitumia puti gani.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya tarehe 27. Niliisoma dukani nimesimama. Nilipofika nyumbani nikakaa juu ya kile kiti cha nyuma kilichoko chumbani kwangu. Nilikaa upande wa kushoto. Nikajaribu kusogea kulia, nikashindwa.

Nimekukasirikia wiki mbili nzima, na nataka ujue ni kwa lipi. Siyo kwa bamba. Ulilitoa ili tufike. Ningekuwa wewe, na mlima ule, na maneno ya yule dereva, ningelitoa pia. Mimi mwenyewe nimebandua lami kwa patasi kwa ajili ya sekunde mbili. Nimekukasirikia kwa basi. Nimeogopa kitu kisichonifanya lolote miaka yote hii, na kilichomuua mama nimekiosha kila Jumapili kwa sabuni, nikakipenda. Ungeniambia nikiwa na miaka kumi na tano. Ningelia, ningekuchukia mwezi mmoja, halafu ningekuja kukaa nawe kwa mbuzi. Umekaa peke yako mno, Mjomba. Hilo nalo limenikasirisha.

Siku ya uwanjani nilikwenda. Bamba halikutoka. Mkaguzi, mzee mmoja Mganda mwenye miwani ya kamba, alifungua kila mlango. Wa kushoto nyuma akaubamiza, ukakataa. Akaubamiza tena. "Gari ya lesi gani hii, nyabo?" akaniuliza. "Umetoa viti yote, umetoa kapeti, lakini mulango moja nzito kama ya benki?"

Nikamwambia, "Hapo nililala mimi." Hakuelewa, na sikumlaumu.

Halafu nikamwambia, "Inua ndipo ufunge." Akainua, ukafunga. Na mimi nikabaki nimesimama na helmeti mkononi, nalia mbele ya watu na magari yao, kwa sababu nilisikia ni nani aliyesema. Sikumbuki uso wa mama. Sikumbuki sauti yake. Kumbe maneno yake yamekuwa kinywani mwangu kila siku, nimewaambia wateja, marafiki, Khaemba, hata padri nilipompa lifti. Hilo hukujua kwamba ulikuwa unanitunzia.

Nilikuwa wa tisa kati ya kumi na mmoja. Kona za kushoto gari lilitulia vizuri, za kulia lilibishana nami, na mkia ulitaka kutangulia kama ulivyosema. Nilipunguza mwendo. Usicheke.

Kiti, kapeti na tairi la akiba nimerudisha. Lami imeshindikana. Matundu ya kulia Khaemba ameyaziba upya, lakini rangi hatujapiga, nimetaka uyaone kwanza. Kuhusu bamba, sijui kama litoke au libaki, na sitaki kuamua peke yangu. Nataka tusimame mbele ya ule mlango mimi na wewe. Kwa hiyo utakuja Kampala. Ndiyo, utavuka Karuma. Sitakuomba uingie kwenye Corolla, na wala sitakuacha usafiri peke yako. Nakuja kukuchukua, tutarudi pamoja kwa basi, na atakayeogopa zaidi atamshika mwenzake mkono. Mwambie Mama Lamunu akufungie nguo za wiki moja.

Nafika Jumamosi tarehe 18, basi la asubuhi. Jana nilikwenda kukata tiketi. Lilikuwa limesimama pale linahema, nikapita ubavuni mwake nikiwa nimeshika ukuta. Karani akaniuliza nataka dirisha la upande gani. Mtu wa nyuma yangu akaanza kulalamika.

Nikamwambia, kulia.

Mpwa wako,
Amito